Ndoo ya lita 20 imenishinda

Dada Mkunga, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro, nina miaka 51. Hedhi yangu ya mwisho niliiona mwaka juzi. Tangu hapo nguvu zimeniisha. Ndoo ya lita 20 niliyokuwa nikijitwika mwenyewe, sasa mpaka nimwite kijana wa bodaboda anitwishe. Nikiepua sufuria ya wali mikono inatetemeka. Usiku joto linanipanda, nalowa jasho, silali. Mume wangu anasema nadeka. Jirani anasema ndio uzee, nizoee. Je, nguvu zitarudi?
Mama W., Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Hudeki. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa hana nafasi ya kudeka, na mumeo msomee mstari huu.

Mwanamke akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, hedhi imekoma. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari zimepunguza mno kutoa homoni ya estrojeni, na homoni hiyo si ya uzazi peke yake: misuli huihitaji ili ijikarabati baada ya kazi, mifupa huitegemea ibaki imara. Misuli yenyewe huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, polepole, hata hatujui. Estrojeni ikishuka ndipo tunashtuka. Na wewe juu yake huna usingizi.

Mimi ilinikuta nina miaka 49, zamu ya usiku wodini. Nilichuchumaa kuokota kifuniko cha chupa ya dripu, kuinuka nikashindwa. Nikashika mguu wa kitanda. Mama aliyejifungua jana yake ndiye aliyeninyooshea mkono. Nililia chooni, mdogo wangu, kwa hiyo ninajua unachokisema.

Jipime leo. Kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, inuka na kukaa mara tano mfululizo, mwanao akiangalia saa ya simu. Zikizidi sekunde 15, miguu imedhoofu.

Utaniambia, "Mbona nabeba mizigo kutwa?" Mizigo ile ile mwili umeshaizoea, na kusimama jikoni kutwa kunachosha tu. Misuli hukua ikipewa kazi inayozidi kidogo kidogo, kisha ikapumzishwa. Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Anza na kiti hicho hicho: inuka mara 10, pumzika, rudia. Halafu simama mbele ya ukuta, uusukume kwa viganja, viwiko vikunjike na kunyooka. Ukiona umezoea, inuka kitini umekumbatia dumu la maji la lita 5. Ndoo, kwa sasa, jaza nusu uende mara mbili.

Na chakula. Nawajua mama lishe: umewapikia watu tangu alfajiri, wewe una chai ya rangi na andazi, halafu saa tisa unakwangua ukoko. Misuli haijengwi kwa ukoko. Kwa umri wetu mwili unataka protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 70 ni gramu 70 hadi 84 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu. Jipakulie kabla ya mteja wa kwanza: maharage ya kutosha, mayai, maziwa, dagaa wazima na mifupa yao, maana wanakupa na madini ya chokaa.

Nenda pia hospitali wakupime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingoni, kwani kasoro katika vitu hivyo pia huleta uchovu kama huo. Mweleze daktari habari ya joto. Dawa za homoni zipo, na kwa joto la usiku zinasaidia sana, lakini hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa. Usinunue kwa kuambiwa na shoga. Na ukiona damu tena, hata tone, usingoje. Nenda wiki hiyo hiyo.

Nguvu zitarudi, ila si kwa wiki moja. Jipe miezi mitatu, kisha kaa tena kwenye kiti kile, uniandikie umetumia sekunde ngapi.