Ndoo ya Mwana Kupona

MUULIZE MWALIMU
Safu ya barua za wasomaji kuhusu lugha, fasihi na mambo ya shule

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Nakuandikia kwa sababu nilitolewa darasani kwa kucheka, na mpaka leo sijui kama nilikosa.

Ilikuwa Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, wakati ule ambao ukuta wa darasa ushapata joto na watu wanaisikiliza kengele kuliko mwalimu. Tulikuwa kwenye ushairi. Mwalimu aliandika ubaoni beti chache za Utendi wa Mwana Kupona, yale mawaidha ya mama kwa binti yake, akatutaka tuandike ubeti mmoja kwa lugha ya nathari, alama nne. Ubeti wenyewe ndio huu:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Mwenzangu mmoja aliyehamia huku kutoka bara mwaka jana akasimama, akasoma alichoandika: “Mshairi anasema kuna ndoo mbele, pamoja na wino na karatasi.” Nikaangua kicheko. Wallahi sikumdharau. Nilimwona tu Mwana Kupona ameketi na ndoo ya plastiki, nyekundu kama yetu ya kutekea maji, anachovya kalamu mle ndani. Mwalimu akaniuliza kinachonichekesha. Nikamwambia “ndoo” hapa ni “njoo”. Akatazama kitabu chake, hakuona maelezo, akasema tusilete lugha za nyumbani darasani. Kisha akanitoa nje kwa utovu wa adabu.

Nimeudhika zaidi kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Muhula uliopita niliandika insha, nikasema “nilifumbua mato” na “nikashuka tini”. Nilipata 11 kwa 20, na maneno hayo yakatiwa duara la wino mwekundu: “Kiswahili gani hiki?” Wiki tatu baadaye tukafanya karatasi ya fasihi. Swali la ushairi likataka mifano ya uhuru wa mshairi. Nikaandika kwamba kuna lahaja: mato badala ya macho, ndia badala ya njia. Nikapewa alama zote mbili, kwa kalamu ile ile nyekundu.

Na kuna jambo jingine. Nyanya yangu anaujua utendi huu kwa moyo. Hakuusoma shuleni, kwa sababu hakwenda. Jioni hukaa ukumbini, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambamo siku hizi tunaweka chaja za simu, akashona kofia za vito huku akighani taratibu. Niliporudi siku ile aliniuliza, “Yeo mumesoma nini?” Nikamhadithia habari ya ndoo. Akasema, “Mwalimu wenu metoka nti ipi?” na sindano haikusimama. Husimama mahali pamoja tu, Mwalimu. Kila akifika kwenye ubeti unaomwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema, nyanya huishika sindano hewani, akacheka peke yake kwa sauti ndogo, kisha akaendelea. Nimemwona hivyo tangu nina miaka sita.

Darasani jibu lililokubaliwa ni kwamba Mwana Kupona alimdunisha mwanamke. Mwongozo wetu unasema hivyo, kwa nukta sita. Nikiziandika napata alama, lakini nahisi kama nimemsengenya nyanya yangu.

Je, maneno ya nyumbani kwetu ni makosa au ni fasihi? Na nikiulizwa habari za Mwana Kupona, niandike la mwongozo au ninaloliona mimi?

Mwanafunzi, Langoni, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nilisoma barua yako barazani kwangu hapa Malindi, nikacheka hata jirani akauliza kuna nini. Basi kama kicheko ni kosa, tumo wawili.

Kidogo tu ulikosa. Mwenzako alisoma kilichoandikwa. Katika Kiswahili alichofundishwa tangu darasa la kwanza, ndoo ni chombo cha maji, hakuna la pili. Hakukosa akili, alikosa nyanya asemaye Kiamu, lahaja yenu ya Lamu. Mtake radhi, kisha mchukue nyumbani siku moja aketi chini ya zidaka hizo. Mwalimu wako nami sitamsema sana. Nimeshika chaki zaidi ya miaka thelathini, najua kinavyochoma kuulizwa neno usilolijua mbele ya vichwa hamsini. Ila kumtoa mtoto nje kwa sababu amejua, hilo mimi silitetei.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Unaniuliza kama ni makosa. Yapange uyatazame: pale Kiswahili sanifu kinaposema nj, nyanya yako husema nd, akapata ndoo, ndia, ndaa. Pa ch huweka t: mato, tini. Pa j mara nyingi huweka y: mayi, moya. Pa vi na vy huweka z: zitu, zombo. Nchi ni nti. Umeona? Mtu anayebananga lugha hakosei kwa mpango namna hiyo. Na ndoo na ndia si za Lamu peke yake. Nimezisikia kwa wazee wa Mombasa pia.

Lililotokea ni kwamba mwaka 1928 palifanyika mkutano Mombasa wa kuamua Kiswahili kipi kitumike katika vitabu vya shule, na kikachaguliwa Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kiwe msingi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuisimamia kazi hiyo kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Shule zilihitaji tahajia moja, silalamikii hilo. Lakini angalia hesabu: Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858. Mkutano ule ulipokaa, utendi ulikuwa na umri wa miaka sabini. Mama huyu hakuvunja kanuni yoyote. Kanuni ndiyo iliyokuja ikamkuta ameshamaliza.

Kwa hiyo hata lile jibu lako la alama mbili lina kasoro, ingawa sikushauri ulibadilishe mbele ya mtahini. Uhuru wa mshairi ni pale mtu anapolijua neno la kawaida akalikata au akalirefusha ili mizani itoshe. Mwana Kupona aliposema “ndoo” hakuwa anatumia uhuru wa aina yoyote. Alikuwa anamwita mwanawe, basi, kama nyanya yako anavyokuita ukale.

Kuhusu insha sitakuficha. Karatasi ya kwanza inataka Kiswahili sanifu, na ukiandika “nilifumbua mato” katika usimulizi wako, mtahini atalitia duara hata kama naye kazaliwa Mkomani hapo hapo Lamu. Andika macho. Lakini insha ya masimulizi ina watu ndani yake, na watu husema. Mhusika wako akiwa ni bibi wa Lamu, mfungulie alama za mtajo umwache aseme kwake: “Ndoo, mwanangu, keti hapa tini.” Kisha wewe msimulizi endelea kwa usanifu: nikaenda, nikaketi chini kando yake. Hapo msomaji ameshaelewa bila kufasiriwa, na mtahini ameona kwamba wazijua lugha zote mbili na wajua kila moja inakaa wapi. Nimewahi kusahihisha insha ya mtoto wa Faza iliyofanya hivyo kwa mistari mitatu tu. Sikumbuki kichwa chake wala kisa chake, lakini namkumbuka bibi yule mpaka leo.

Jambo la Mwana Kupona ni zito zaidi, na hapo ndipo nataka tukae.

Mwongozo wako haukuzua. Zimo beti zinazomtaka binti amtii mume, amlaze, asimwamshe akisinzia, ampepee, asitoke bila ruhusa yake. Ukizisoma leo katika darasa lenye wasichana wanaotaka kuwa madaktari na manahodha, lazima ziwashe. Uandike hivyo bila woga, maana limo. Shida yangu na zile nukta sita ni kwamba zimesoma kipande, na hicho kipande chenyewe zimekipita mbio.

Nani anasema? Mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate, aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Anasema akiwa katika hali gani? Beti za mwanzo zinaeleza: maradhi yamemshika hata yametimia mwaka. Anamwambia nani? Binti yake, Mwana Hashima. Huyu ni mama anayehisi muda wake umekwisha, anajaribu kumwachia mtoto wa kike silaha za ulimwengu anaoujua yeye. Miongoni mwa beti zipatazo mia moja, za mume ni sehemu tu. Ziko za dini, za ulimi mwema, za kuishi na watu, na mwisho kuna dua ndefu. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa utendi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na jina walilolipa kitabu chao lilikuwa mawaidha ya Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Sehemu ikageuzwa kuwa kichwa. Nadhani miongozo mingi bado inatembea katika kivuli cha jina lile.

Halafu turudi kwenye ubeti uliokutoa nje ya darasa. Umesomwa kwa ajili ya “ndoo” tu, wino ukaachwa. Mama mgonjwa anamwita binti: njoo mbele, uketi, na wino na karatasi. Mbona hakumwambia “njoo usikilize, ukariri”? Anamtaka aje na vyombo vya kuandikia. Tunazungumza kuhusu mwaka 1858, katika visiwa vyenu, kwa khati za Kiarabu, na mwanamke anatunga, na mwanamke mwingine anatarajiwa kushika kalamu. Na karibu na mwisho anawageukia wanawake wote, anawaambia wasome na wafahamu maana. Nukta ya saba hiyo, nawe ndiwe utakayeiandika. Usiiandike kama maoni. Weka mstari wenye wino na karatasi, kisha eleza unathibitisha nini. Mtahini hashindani na mwanafunzi mwenye ushahidi wa mstari.

Kicheko cha nyanya nimekiacha mwisho kwa sababu mimi nimefundisha utendi huu miaka na miaka, na sikuwahi kuambiwa kwamba mahali pale huchekwa. Ubeti wenyewe, kwa wasioujua, unamwambia binti amtunze mume kama kijana asiyejua kunena, achunge kinachotoka na kinachoingia. Darasani tuliusoma kama unyenyekevu. Sasa mtazame kama anavyoutazama mwanamke aliyelea: mtoto asiyejua kusema ndiye anayetunzwa, halafu nani katika nyumba ile ndiye mkubwa? Nani anajua nini kimetoka na nini kimeingia? Sisemi kwamba Mwana Kupona alikusudia mzaha. Nasema kuna mwanamke Langoni ambaye sindano yake imekuwa ikisimama papo hapo maisha yako yote, na sidhani inasimama bure.

Usimuulize “nini maana ya ubeti huu”, maana atakujibu kama mwalimu. Muulize alijifunza kwa nani, na huyo aliyemfundisha naye alikuwa akicheka wapi. Mrekodi kwa simu akikuruhusu, umwache amalize kofia yake. Katika fasihi simulizi mnafundishwa ukusanyaji nyanjani, na watoto huandika kwamba walikwenda kijiji cha mbali. Wewe uwanja wako u ukumbini. Usisahihishe matamshi yake unapoandika, hata herufi moja. Akighani ubeti tofauti na ulivyo kitabuni, andika wa kwake, kisha pembeni weka wa kitabu.

Niletee majibu yake. Nitayachapa hapa, kwa Kiamu chake.

KWA UFUPI

Mzazi wa Shella (ya Malindi, si ile ya Lamu) anauliza kama amnunulie kijana wake mwongozo wa tamthilia, maana amefeli. Kwanza umuulize kama tamthilia yenyewe anayo. Watoto wanne kati ya watano niliowauliza swali hilo nilipokuwa kazini walikuwa na mwongozo, kitabu hawakuwa nacho. Akishaisoma mara mbili, mara moja kwa sauti, mnunulie. Na mara ile ya sauti, kaa naye umsomee nafasi ya mhusika mmoja. Chagua mkorofi, wana maneno mengi.