Tumeshinda 1-0, lakini kocha alitubahatisha?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni shabiki wa timu moja ya hapa Wete, na tangu Jumapili barzani kwetu hakukaliki. Tulicheza Gombani, saa kumi alasiri, tukashinda 1-0 kwa bao la kona dakika ya 23. Dakika ya 30 beki wetu wa kulia akala njano, na winga wao wa upande ule ana mbio kweli kweli. Kocha akamwacha mpaka mwisho, akamsogeza tu kiungo wa kulia awe karibu naye. Dakika ya 58 akabadilisha winga kwa winga. Dakika ya 62 akamtoa straika, yule yule aliyefunga, akaingiza beki wa kati wa tatu. Dakika ya 70 wenzetu wakaingiza straika mrefu. Dakika ya 74 kocha akamtoa kiungo mshambuliaji, akaleta mkabaji. Dakika ya 85 namba sita wetu, kiungo mkabaji, kakazwa na misuli hata kutembea hawezi, tukataka kumbadilisha, mwamuzi wa akiba akakataa, na mashindano yanaruhusu sabu tano! Tukamaliza tuko kumi na nusu. Nusu saa ya mwisho walipiga kona saba, shuti moja liligonga mwamba, na dakika ya 88 kipa aliokoa kwa mguu. Wapo wanaosema kocha fundi, pointi tatu si hizo. Wapo wanaosema anacheza kamari na timu ya watu, na kosa lake kubwa ni kumwacha mwenye njano. Kitaalamu nani ana haki? Na refa alituonea? Tuna kikao na uongozi wiki ijayo. — Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Nianze na la refa maana hilo, kama mashindano yenu ni ya ligi kuu, halina mjadala: hakukuoneeni. Sheria ya 3 ya soka inayaruhusu mashindano kuweka sabu hadi tano, lakini kwenye ligi kuu kila timu ina nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo ili ibadilishe watu. Sabu tano zilianza 2020 kama ruhusa ya muda, wakati wa korona, na 2022 zikaingizwa moja kwa moja kwenye sheria pamoja na sharti hilo la nafasi tatu, ili timu inayoongoza isipate mwanya wa kukata mchezo mara tano. Mabadiliko ya wakati wa mapumziko hayahesabiwi. Kocha wenu alisimamisha mchezo dakika ya 58, ya 62 na ya 74, kila mara mtu mmoja. Nafasi tatu zikaisha, na zile sabu mbili zilizobaki zikawa mapambo.

Tazama hapo dakika ya 58 na ya 62. Ni dakika nne tu. Kama alikwishajua kwamba anataka kumtoa straika, angewaingiza wote wawili pamoja na kujiwekea nafasi moja kwa ajili ya robo saa ya mwisho, wakati misuli inapoanza kukaza. Saa kumi alasiri juu ya nyasi bandia, jua bado lina nguvu, na kiungo mkabaji ndiye anayekimbia bila kupumzika. Kukazwa misuli dakika ya 85 ni jambo ambalo benchi lolote lingelitarajia. Kama alikuwa na shaka na mtu yeyote tangu kipindi cha kwanza, mapumziko yalikuwa bure kabisa na hakuyatumia. Na kuna benchi nyingine hudhani kwamba ukibadilisha wakati mmoja na wapinzani basi hukuhesabiwa. Unahesabiwa. Kila timu inakuwa imetumia nafasi yake moja.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu wa barzani. Nakwambia mapema, nyote mnapigana juu ya uamuzi usiokuwa na tatizo, na ule wenye tatizo mmeupita.

Beki mwenye njano kwanza. Naelewa kelele za jukwaani: winga ana mbio, beki akichelewa mara moja tu ni kadi ya pili na mpo kumi kwa saa nzima. Hatari ipo. Lakini kocha hakukaa akaomba dua. Umeandika mwenyewe kwamba alimsogeza kiungo wa kulia. Hapo kilichobadilika ni kazi ya beki: haendi tena kuutafuta mpira kwa miguu, anarudi nyuma taratibu, anamziba winga njia ya ndani na kumsukuma kwenye mstari, na mtu wa pili ndiye anayekuja kuuchukua mpira. Beki anayekabiliana na winga peke yake atapiga faulo. Mwenye msaidizi karibu ana sababu chache sana za kunyoosha mguu. Kwa hiyo kocha aliiona hatari, akaipunguza bila kutumia sabu, na beki akamaliza mechi. Mimi namuunga mkono kwa hilo, na ningemuunga mkono hata kama yule kijana angetolewa dakika ya 80.

Hii sentensi ya mwisho najua itawakera baadhi yenu, lakini ndiyo msingi wa kazi yetu. Uamuzi wa kocha unapimwa kwa yale aliyokuwa nayo mbele ya macho wakati anauchukua. Mtu akipanda mkarafuu kwa tawi bovu akateremka salama na pakacha limejaa, tawi halijawa zima kwa sababu hiyo. Sisi Wazanzibari tunalijua hili kwa upande wa raha zaidi: Kombe la Chalenji la 1995, lile la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda, tulilibeba kwa 1-0 mbele ya wenyeji, na leo humsikii mtu akiuliza zile dakika za mwisho zilichezwaje. Matokeo yakishakaa kwenye kabati, maswali yanakufa. Shabiki ana haki ya kuishia hapo. Benchi la ufundi halina, kwa sababu Jumapili ijayo watafanya lile lile tena.

Basi twende dakika ya 62.

Kumtoa mshambuliaji na kuingiza beki kunaonekana ni usalama, na ndiyo maana barzani kwenu hakuna aliyelalamika sana. Hesabu lakini. Straika wenu akiwa uwanjani, hata kama amechoka na hagusi mpira, mabeki wawili wa kati wa wapinzani wanabaki naye nyuma. Hawathubutu kuondoka wote, maana mpira mrefu mmoja tu utawaumbua. Akitoka na mbele asibaki mtu wa kuwashughulisha, mmoja wa mabeki wale anapanda na mpira hadi katikati. Nyinyi mmeongeza beki mmoja, wao wameongeza kiungo mmoja, na uwanja wote umehamia upande wenu. Faida iko wapi?

Kisha kuna suala la mpira unaookolewa. Beki wenu akibutua, mpira unakwenda kwa nani? Kabla ya dakika ya 62 ulikuwa unakwenda kwa mtu anayeweza kuushika kifuani, kuchezewa faulo, kuwapa wenzake sekunde kumi za kupandisha mstari. Baada yake unakwenda moja kwa moja kwa mpinzani na unarudi kabla hamjapumua. Ndiyo maana mstari wenu wa ulinzi ulizidi kushuka mpaka ukalala ndani ya boksi. Wachezaji hawakuwa waoga. Hawakupata nafasi ya kutoka. Mkiwa na mabeki watano nyuma na viungo watatu tu mbele yao kwenye uwanja wenye upana wa mita 60 na zaidi, ile sehemu ya mbele ya boksi, panapodondokea mipira inayookolewa, inakuwa haina mwenyewe. Sikushangaa kusoma kwamba mtu aliyekimbia mpaka misuli ikakaza ni namba sita. Alikuwa anafanya kazi ya watu wawili.

Kosa hili si la Pemba peke yake. Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico, robo fainali, England ilikuwa inaongoza 2-0 dhidi ya Ujerumani Magharibi. Beckenbauer akarudisha moja dakika ya 68. Mara baada ya hapo kocha wa England, Alf Ramsey, akamtoa Bobby Charlton, aliyekuwa na miaka 32, ili ampumzishe kwa ajili ya nusu fainali. Watu hadi leo wanasimulia kana kwamba bao la Beckenbauer lilikuja baada ya Charlton kutoka. Halikuja baada, lilitangulia. Lakini kuna ukweli ndani ya lawama ile: Beckenbauer alikuwa na kazi ya kumchunga Charlton muda wote, na Charlton alipoondoka akawa huru kupanda. Seeler akasawazisha, Müller akamaliza kazi kwenye dakika 30 za nyongeza, 3-2. Charlton hakuichezea England tena. Ramsey alitazama miguu ya mchezaji wake tu, hakutazama nani anafungwa minyororo na mchezaji yule.

Upande wa pili yupo Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi, Kombe la Dunia la 2014, robo fainali dhidi ya Costa Rica. Alibakiza sabu yake ya mwisho hadi mwisho kabisa wa dakika 120, akamwingiza kipa Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul aliokoa mbili, Uholanzi ikapita 4-3. Uamuzi ule ungeonekana wa kichaa kama angefungwa zote, lakini ulikuwa umeandaliwa: Krul alishaambiwa kabla ya mechi. Siku chache baadaye, nusu fainali na Argentina, sabu zilikuwa zimekwisha, Krul akabaki benchi, Uholanzi ikatolewa kwa penalti. Benchi lenu lingejifunza zaidi kutoka mechi hii ya pili kuliko ile ya kwanza.

Je, mabeki watano ni makosa siku zote? Hapana. Umesema dakika ya 70 wenzenu waliingiza straika mrefu. Hapo ndipo beki wa kati wa tatu angekuwa jibu, kwa sababu sasa kuna swali: krosi zinakuja, na kuna watu wawili wa kuzigombea hewani. Kocha wenu alilijibu swali dakika nane kabla halijaulizwa, na kwa kufanya hivyo akawapa wapinzani sababu ya kumleta yule mrefu. Timu inayokuona umeshuka ndani ya boksi itafanya nini kingine zaidi ya kurusha krosi? Dakika ya 62 mimi ningeingiza straika mwingine mwenye pumzi, hata kama si mfungaji, ilimradi awasumbue mabeki wao na kukimbilia pembeni. Mstari ungeshuka mita kumi, basi. Sabu ya beki ningeiweka mfukoni nikimtazama kocha wa upande wa pili anamwita nani.

La dakika ya 74 silitilii neno. Kiungo mkabaji kumpokea kiungo mshambuliaji ukiongoza 1-0 ni kawaida, na bila shaka aliwasaidia.

Zile kona saba zimewatisha kuliko inavyostahili. Hata kwenye ligi kubwa za Ulaya, kona zinazozaa bao ni kama tatu katika kila mia. Kona saba, kwa hesabu hiyo, ni hatari ya kufungwa kama mara moja katika tano. Si ndogo, lakini si maangamizi. Mimi ningekesha nikiuwaza mpira wa mwamba na ule wa dakika ya 88, na ningetaka kujua vilianzia wapi. Ukiniambia vyote vilitokana na mpira uliookolewa ukadondoka mbele ya boksi, basi jawabu tunalo.

Kwa hiyo, fundi au mcheza kamari? Kwa beki mwenye njano, fundi. Kwa nafasi za sabu, mzembe kidogo, na ni jambo linalorekebishika kwa karatasi na kalamu: mtu mmoja benchini awe anaandika dakika na idadi. Kwa dakika ya 62, alibahatika.

Kwenye kikao msimuulize kwa nini alimtoa mfungaji. Swali hilo atalijibu kwa neno moja, "tumeshinda", na mtabaki mnatazamana. Muulizeni: baada ya straika kutoka, nani alipangwa kuushika mpira mbele? Kama yupo mtu aliyepangwa na akashindwa, hayo ni ya mazoezini. Kama atasema straika alikuwa na maumivu ya paja tangu mapumziko na benchini hakukuwa na mshambuliaji mwingine wa kuaminika, basi geuzeni viti muwatazame viongozi wenu, maana timu iliyosajiliwa straika mmoja si kocha aliyeisajili.