Kwako unayevua gwanda mwaka huu

Mdogo wangu, najua mwaka huu mko wengi mnaokabidhi gwanda. Baadhi yenu mmepitia Darfur, wengine Kongo mashariki, na wapo mnaowakumbuka wenzenu waliouawa Semuliki, huko huko Kongo, Desemba 2017. Mimi ni wa vita vya Kagera, vya kumng'oa Idi Amin wa Uganda. Nilikuwa na miaka 22 nilipomsikia Mwalimu Nyerere redioni, tarehe 2 Novemba 1978, akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Aprili ya mwaka uliofuata nilikuwa Kampala. Leo nina wajukuu, na mizinga ya nyuki kwenye miombo ya Sikonge. Nataka nikueleze ya katikati, maana huko katikati ndiko wenzangu wengi walikopotelea.

La pesa nitalipita haraka. Kiinua mgongo kikiingia, kikae benki miezi sita bila kuguswa. Usinunue gari la biashara, usifungue baa, usimkopeshe shemeji. Miezi sita tu. Nimewazika watu walioikosa subira hiyo, na bado naumia nikiwakumbuka. Katika miezi hiyo tafuta kitu cha kukuamsha alfajiri, hata kama ni tuta la mchicha, kwa sababu mwili uliozoea filimbi hauwezi kukaa bure ghafla.

Zito ni la nyumbani.

Sisi askari wa miguu tulitoka Mutukula mpakani tukitembea mpaka Kampala. Pale Lukaya barabara inakatisha kwenye kinamasi: maji kulia, maji kushoto, hakuna pa kujificha. Aliyepita pale usiku kajifunza mambo yaliyomsaidia kubaki hai. Kuhesabu watu kila saa. Kutoupa mlango mgongo. Kutaka jibu papo hapo. Nilipotoka jeshini mwaka 1988 niliyaleta yote sebuleni kwangu. Watoto nikiwapanga mstari kabla ya shule, nikikagua kucha na viatu, aliyechelewa anachuchumaa. Niliamini kabisa kwamba ninawalea.

Siku moja nilirudi mapema kuliko kawaida. Tangu chini ya mwembe nilisikia wanacheka jikoni na mama yao, kicheko kile cha kukosa pumzi. Nikaongeza hatua, nami nikacheke nao. Nilipokanyaga kizingiti, kimya. Wa mwisho, wa miaka minne, alisimama mguu sawa, mikono kaibana mapajani, kijiko cha uji bado kiko mdomoni.

Usiku ule mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba watoto, humu ndani hakuna adui."

Basi nakuomba, rudi kwako kama mgeni anavyoingia nyumba ya watu. Wameishi bila wewe miaka mingi na wana utaratibu wao: nani huamka wa kwanza, nani hukaa kiti kipi, deni la dukani hulipwa lini. Uliza, kisha kaa usikilize. Miezi mitatu usibadilishe hata mahali pa ndoo. Na mkeo umwambie unachoota. Si lazima umsimulie kila kitu, lakini ajue kwamba ukishtuka usiku umeshtushwa na vita, hukushtushwa na yeye. Mimi nilikaa miaka nane bila kumwambia kwa nini radi za Novemba zinanifanya nijitupe sakafuni. Makombora yetu ya Katyusha, yale Waganda waliyoyaita saba saba, yalikuwa yakinguruma vivyo hivyo. Yeye aliona tu mume anayemsukuma na kuruka kitandani mvua ikija, akadhani nimemchoka. Miaka nane mwanamke wa watu analia peke yake kwa jambo ambalo ningelimaliza kwa maneno kumi.

Ndoto zisipokatika, nenda hospitali ukaseme. Enzi zetu halikuwa na jina, tuliambiwa ni uoga. Leo madaktari wanakijua kiwewe cha vita na wanakitibu. Gongo haitibu. Inakuzimisha, halafu asubuhi unaikuta ndoto imekungoja palepale.

Kuhusu imani nitasema ya kwangu, na wewe wa msikitini utaona yako inakaa wapi humo. Mimi ni Mmoravian. Niliporudi nilishindwa kuomba, kwa kuwa nikifumba macho nawaona wenzangu. Jumapili nyingi niliishia kwenye kivuli nje ya kanisa. Mzee mmoja wa kanisa hakuja kunihubiria, alinipa ufagio. Akaniambia nikafagie makaburi, Pasaka imekaribia. Sisi alfajiri ya Pasaka huenda makaburini, tukangoja jua litoke tukiwa katikati ya ndugu zetu waliolala. Nilifagia siku tatu, nikang'oa nyasi, nikanyoosha misalaba iliyolala. Siku yenyewe, giza bado halijapasuka na watu wanaimba, nikaanza kuwataja wenzangu kwa sauti ya chini, mmoja mmoja: wale waliolala Kaboya kule Muleba, na wale nisiojua walifukiwa wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka yale majina bila kutetemeka. Makaburi yale nayafagia mpaka leo. Kwa hiyo usingoje imani irudi ndipo uende. Nenda ukaombe kazi ya mikono: ufagio, kuchota maji ya udhu, kuziba paa linalovuja. Na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kaa na watoto wako uwatajie majina mawili matatu.

Aliyeniingiza porini ni baba mkwe wangu, mrina asali wa mizinga ya magome. Alinipa sharti moja: huko hakuna kuamuru. Mzinga mpya unaupaka nta ndani, unautundika kwa waya juu ya mti ili nyegere asiufikie, halafu unaondoka. Kundi litaingia lenyewe siku likitaka. Mzinga wangu wa kwanza niliukagua kila wiki, naugonga, nachungulia, naupaka tena, na ulikaa mtupu msimu mzima. Ule nilioutundika ng'ambo ya kijito nikausahau ulijaa mpaka masega yakagusa mlango.

Kurina ni jioni, jua likishazama. Unapanda taratibu na moshi kidogo, maana ukizidi unawavuruga na asali inanuka moshi. Akikuuma mmoja, usimpige kofi: harufu ya mwiba wake inawaita wengine. Unatoa mwiba kwa kuukwangua na ukucha, unashusha pumzi, unaendelea. Masega yenye watoto huyagusi, na asali nyingine unawaachia wenyewe. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka tangu 1979. Juu ya tawi la mtundu, na nyuki wanatembea juu ya vidole, ilitulia, na usiku huo kambini, pembeni ya moto, nililala mpaka ndege walipoanza kulia. Sikuwa nimelala hivyo tangu nivuke mto Kagera.

Yule mwanangu wa mguu sawa nilimpeleka porini alipofika miaka 11. Yeye alibaki chini na bomba la moshi na tochi, mimi niko juu. Giza lilipokolea nikawa sioni kitu ila kwa mwanga wake, naye akaanza kuniongoza. "Baba, polepole. Baba, hapo usikanyage, tawi bovu. Mkono wa kushoto." Nikatii kila neno. Njiani kurudi alizungumza mfululizo mpaka tukafika: shule, mpira, mwalimu anayemuogopa. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake kwa urefu ule.

Mvua zikishakatika tutaingia tena, kama Juni hivi. Ukiwa pande za Tabora, pitia kwanza ofisi ya misitu ya wilaya uombe kibali, maana msitu wa hifadhi hauingiwi hivi hivi. Vaa nguo nzito ya rangi nyeupe na soksi ndefu, na usijipake mafuta yenye harufu. Bomba la moshi ninalo. Uje na mtoto wako mmoja, na yeye ndiye atakayeshika tochi.