Koki, uzi na barabara ya Moscow

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza mambo mawili: likizo naitumiaje, na kama historia hujirudia, kuna haja gani ya kuisoma. La kwanza ni jepesi. Sifanyi kitu. Leo siku ya nne nimejilaza kwenye kochi na fulana ileile, na mama yako ameshachoka kunisema. Kitabu kikinishinda nakifunika usoni, nalala.

Isipokuwa juzi usiku. Koki ya bafuni inavuja, na lile tone-tone halikuniacha nipate usingizi. Nikaamka, nikatafuta uzi, nikaufunga mdomoni mwa koki ili maji yateremke nao kimyakimya hadi kwenye ndoo. Ndivyo alivyofanya babu yako miaka yote. Nilipofika fundo la pili nikamwona mzee pale pale: vidole vyake, hata kule kukata uzi kwa meno.

Kwa hiyo swali lako la pili limenikuta bado nacheka.

Neno hilo "hujirudia" silipendi. Linaifanya historia kama mvua za msimu, zinazokuja zenyewe bila wa kuulizwa. Mimi nasema hurudiwa, na mara nyingi anayeirudia anaijua vizuri. Mfalme Charles XII wa Sweden aliivamia Urusi mwaka 1708. Mwaka uliofuata jeshi lake likavunjwa kwenye vita vya Poltava, Ukraine ya leo. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliijua habari hiyo, na bado tarehe 24 Juni 1812 akavuka mto Niemen kuingia Urusi na watu zaidi ya 400,000. Hitler naye alizijua zote mbili. Akaanza uvamizi wake tarehe 22 Juni 1941, siku mbili tu kabla ya tarehe ya mwenzake. Sikio la kufa, utasema. Lakini ngoja.

Muulize mtu yeyote Napoleon alishindwa na nini, atakujibu: baridi. Baridi ilimmaliza, sikatai. Ila jeshi lake lilianza kuyeyuka kiangazi, kwenye jua kali. Mikokoteni ya chakula ilibaki nyuma kwa sababu barabara zilikuwa mbovu, farasi wakafa kwa maelfu, askari wakanywa maji machafu, na homa iletwayo na chawa ikawafyeka kabla hawajauona mnara hata mmoja wa Moscow. Theluji ilikuta jeshi ambalo tayari lilikuwa chini ya nusu.

Sasa, mtu aliyebaki na neno moja tu, "baridi", atajifunza nini? Atajifunza kuwahi. Ndiyo hesabu waliyopiga Wajerumani: tumalize kabla ya majira ya baridi. Kwa hiyo hata nguo nzito hazikutosha, na Desemba 1941 askari walikuwa wakiganda nje ya Moscow huku vifaa vimekwama njiani, mbali huko nyuma. Mambo ya mikate na farasi na umbali, yale yasiyopendeza kusimuliwa, ndiyo waliyoyapita harakaharaka.

Ndiyo maana nakwambia soma, lakini soma polepole, hasa kurasa zinazochosha. Wazee walikuwa na neno zuri: kumrudi mtoto, yaani kumwadhibu ili anyooke. Wakati mwingine nikisikia watu wanasema historia imerudi, nahisi wamesahau kutaja imemrudi nani.

Mimi nilimtazama babu yako na ile koki utoto wangu mzima. Nikajifunza namna ya kunyamazisha tone. Kufungua koki nikaona ndani kuna nini, hilo halikunijia kichwani hata siku moja, na nina miaka hii niliyonayo.

Ukija mwisho wa wiki niletee mpira wa koki, wa nusu inchi. Uzi bado nimeuacha pale, na nakiri usiku nalala vizuri sana.

Baba yako