Kuhudumia wachezaji wa vyuo ni kazi

Mdogo wangu, umemaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hapo Dodoma, unapenda kuhudumia wachezaji wa timu za vyuo wanapoumia, na nyumbani wanakwambia hiyo si kazi. Ni kazi, tena wanaoijua vizuri ni wachache. Kule Marekani hii ni fani inayojitegemea, na siku hizi kuingia humo kunahitaji shahada ya uzamili. Kwetu mlango wa uhakika ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Chuo cha KCMC Moshi wanaifundisha, chuo cha Muhimbili pia. Omba huko.

Wakati unasubiri majibu, nenda kwenye mazoezi ya timu yoyote ya chuo ukaangalie. Mimi nilimwona beki ameteguka kifundo cha mguu kwenye uwanja mkavu wa vumbi, wenzake wakamkanda kwa maji ya moto palepale. Uvimbe ukazidi. Alihitaji barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bandeji na mguu kuinuliwa. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza: asimame kwa mguu mmoja bila kuyumba, aruke, akimbie akikata kona. Kocha atamtaka Jumamosi. Wewe ndiye utakayesema bado.