Ibada ya Jumapili nikiwa ugenini Leipzig

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na mshiriki wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hapa Moshi. Mwishoni mwa mwezi Machi nitasafiri kwenda Leipzig, Ujerumani, kumtembelea binti yangu kwa majuma matatu, nikiwa na shoga yangu ambaye ni Mkatoliki. Tangu nipate kipaimara sijakosa ibada ya Jumapili isipokuwa kwa ugonjwa, lakini Kijerumani sikijui hata neno moja, na binti yangu ananiambia kwamba makanisa ya huko yamebaki ya watalii. Je, nitaweza kushiriki Chakula cha Bwana na kutoa sadaka kama nyumbani? Nichukue barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wangu? Na huyu mwenzangu afanye nini?

Mama Mstaafu, Moshi

JIBU

Shikamoo Mama. Binti yako hakukosea, ila hakumaliza. Katika upande wa mashariki wa Ujerumani watu walio wengi hawana dhehebu lolote, na usishangae kukuta waumini wachache wametawanyika katika kanisa lililojengwa kwa ajili ya umati. Hata hivyo hao wachache huabudu kweli, na namna wanavyoabudu unaijua kuliko unavyodhani, kwa sababu wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig, ambayo ofisi zake ziko katika mji huo huo hadi leo. Kwa maneno mengine, unakwenda kule ulikotoka utaratibu wa ibada uliolelewa nao.

Kwa hiyo lugha isikutishe. Mlangoni utapewa kitabu cha nyimbo, na ukutani utaona ubao wenye namba za nyimbo za siku hiyo. Tarakimu ndogo zinazofuata namba ya wimbo ni za beti zitakazoimbwa. Ukikuta namba 362, huo ni wimbo wa Luther wa Mungu aliye ngome, na sauti yake utaitambua kabla kinanda hakijamaliza mstari wa kwanza. Utasikia “Kyrie” ukajua ni “Bwana utuhurumie”, na kwa kuwa utafika wakati wa Kwaresima, kitambaa cha zambarau kitakuwa madhabahuni kama kilivyo kwenu. Ukifika wakati wa Sala ya Bwana, sali “Baba yetu” kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Hakuna atakayegeuka kukutazama. Katika makanisa mengi ya huko kengele ya mnarani hulia polepole wakati wa sala hiyo, ili hata mgonjwa aliyebaki nyumbani ajue kwamba wenzake wanasali. Mimi niliposikia mlio huo kwa mara ya kwanza nilidhani kuna msiba.

Jambo linalohitaji uangalifu hasa ni saa. Wenzetu husema saa kumi pale sisi tunaposema saa nne asubuhi, na ibada nyingi za Jumapili huanza saa tatu na nusu au saa nne kwa hesabu yetu. Zaidi ya hayo, usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi saa zote za Ujerumani husogezwa mbele kwa saa moja, hivyo kwamba tofauti na Tanzania, ambayo wakati wa baridi ni saa mbili, hubaki saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haijirekebishi. Katika mji mwingine wa nchi hiyo niliwahi kufika kanisani nikiwa nimevaa suti na kushika Biblia, nikawakuta waumini wamesimama mlangoni na vikombe vya kahawa, nami nikaona fahari kwamba nimewahi na wenzangu bado wanakunywa chai. Mama mmoja alinikaribisha kikombe, kisha akanionyesha saa yake. Ibada ilikuwa imekwisha.

Ukishaingia, utaona tofauti mbili ambazo zisikuvunje moyo. Ya kwanza ni kwamba mambo huenda haraka: mahubiri huwa ya dakika kumi na tano hadi ishirini, kwaya haiimbi kila Jumapili, na baada ya muda wa saa moja hivi mchungaji huwa ameshatoa baraka. Baraka ikishatolewa, usinyanyuke mara moja, kwa maana mpiga kinanda hupiga muziki wa kufunga, na katika mji aliofanyia kazi mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach kuanzia 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, watu wengi huketi wakausikiliza hadi mwisho. Ya pili ni kwamba hakuna atakayekuomba usimame ujitambulishe na kutoa salamu za usharika wako. Kwa mtu wa Kilimanjaro jambo hilo linaweza kuonekana kama ubaridi. Si ubaridi; kwao, kumsimamisha mgeni mbele za watu ni kumwaibisha. Salamu zako zihifadhi hadi kwenye kahawa baada ya ibada, kama ipo, na ukitaja neno Kilimanjaro tu, nakuhakikishia hutakunywa kahawa hiyo peke yako.

Barua ya utambulisho si lazima. Kanisa la Kilutheri la Saxony, ambalo Leipzig imo ndani yake, na KKKT yote ni wanachama wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, hivyo Meza ya Bwana ya huko ni yako pia, na hakuna mzee wa kanisa atakayekuuliza kadi. Si kila usharika huadhimisha Chakula cha Bwana kila Jumapili. Siku kinapoadhimishwa, mara nyingi washiriki husimama nusu duara kuizunguka madhabahu; wengine hunywa kikombeni, wengine huchovya mkate katika divai, na sharika nyingi huweka pia maji ya zabibu yasiyo na kilevi. Mtazame aliye mbele yako, ufanye kama yeye.

Kuhusu sadaka, nadhani hapa ndipo utakapopigwa na butwaa. Hakuna bahasha ya ahadi, hakuna foleni ya kwenda mbele kwa wimbo, wala hakuna mnada wa mayai na ndizi nje ya kanisa. Kikapu au mfuko hupitishwa kimyakimya, na mara nyingi kuna sanduku jingine mlangoni kwa ajili ya kusudi lililotajwa katika matangazo. Sababu ni kwamba washiriki wenye kipato hukatwa kodi ya kanisa, ambayo katika sehemu kubwa ya nchi ni asilimia 9 ya kodi yao ya mapato, nayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Wewe toa ulicho nacho kwa sarafu au noti ndogo, na uzitafute siku ya Jumamosi, maana Jumapili karibu maduka yote hufungwa.

Mwenzako Mkatoliki anaweza kuketi nawe ibadani bila wasiwasi, lakini Kanisa lake haliruhusu waumini wake kupokea Komunyo katika ibada ya Kilutheri, na mimi nisingemshauri alivunje hilo kwa sababu tu yuko mbali na paroko wake. Katikati ya mji, karibu na Rathaus mpya, yaani jumba la halmashauri ya mji, kuna kanisa Katoliki la St. Trinitatis, lililowekwa wakfu mwaka 2015, na Misa yake ataifuata vizuri hata bila lugha.

Mkipata nafasi katikati ya juma, nendeni pamoja katika kanisa la Nikolai siku ya Jumatatu saa kumi na moja jioni kwa hesabu yetu. Sala za amani zilizoanza humo mwaka 1982 ndizo zilizotangulia maandamano ya tarehe 9 Oktoba 1989 dhidi ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, ambapo watu wapatao 70,000 walizunguka mji bila risasi kufyatuliwa, nazo zinaendelea hadi sasa. Kanisa la Mtakatifu Thomas, lenye kaburi la Bach mbele ya madhabahu, lina ibada ya nyimbo Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri; hiyo ina kiingilio kidogo, na watu hukaribia kuipigia makofi kama tamasha, lakini ni ibada, kwa hiyo simu ya kupigia picha ibaki mkobani.

Na koti usilivue. Makanisa ya mawe hutunza baridi ya Januari hadi baada ya Pasaka.