Sauti za mama zimefutika kwenye simu, zinarudi?

Assalaam alaykum wasomaji. Safari hii nina maswali matatu na yote yanahusu meseji zilofutika. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu wallahi limenigusa, na najua si nyumba moja tu yenye jambo kama hili.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie nipo Wete. Mama yangu alifariki Shaaban, na tangu hapo kila nikizidiwa nafungua voisi zake alokuwa akinitumia WhatsApp nasikiliza, hata ile ya kunambia tu nisisahau sukari nikirudi. Jana mwanangu wa miaka 6 kachukua simu kachezea mpaka kasafisha chati yote ya mama, hamna kitu. Fundi wa hapa kanambia niifute WhatsApp niipakue upya itarudisha kila kitu. Na kuna mtu nimempata Facebook anasema atanirudishia kwa laki na nusu, nimpe namba yangu na zile tarakimu sita zitakazokuja kwa meseji. Nifanye lipi? Sijalala.

JIBU: Huyu dada nilimjibu usiku ule ule, sikungoja jarida litoke, maana jambo hili lina saa zake. Nilomwandikia ni haya.

Wa alaykumu ssalaam dada yangu, Allah amrehemu mama. Kwanza usifute WhatsApp. Usiipakue upya. Zima data na waifai sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Sababu ni hii, WhatsApp ya Android kila siku saa nane za usiku inajitengenezea nakala ya chati zako ndani ya simu yenyewe, na kama umeiunganisha na Google inapeleka nakala nyengine Google Drive. Ile ya Google ni moja tu, mpya ikipanda ya zamani inaondoka. Kwa hiyo ukiacha data wazi, nakala itakayopanda ni ile ambayo chati ya mama haimo tena, na hapo mlango mmoja umeshafungwa. Fundi hajakosea kwamba kupakua upya kunaweza kurudisha, kakosea kukwambia uanze na hilo.

Yule wa Facebook achana naye kabisa. Zile tarakimu sita ndio ufunguo wa WhatsApp yako, ukimpa anaifungua kwenye simu yake, wewe unatolewa nje, na kesho anawaandikia ndugu zako wa Chake na wa Muscat kwa jina lako kuwa una mgonjwa wakutumie pesa. Na hata angekuwa mtu mwema hana pa kwenda kukuchukulia hizo meseji, kwa sababu WhatsApp wenyewe hawaziweki. Meseji ikishafika kwako inaondoka kwenye mitambo yao, na ambayo haijafika wanaikalisha siku 30 tu, na tangu 2016 zinasafiri zimefungwa hata wao hawazisomi. Nakala zilizopo duniani ni zako na za mtu ulokuwa ukiandikiana naye, basi.

Sasa tutafute. Voisi si sawa na maandishi. Maandishi yote yanakaa kwenye faili moja kubwa, lakini kila voisi ni faili lake peke yake, na mara nyingi chati inaondoka na faili linabaki, inategemea mtoto alipobonyeza kusafisha ile alama ya kufuta na picha na sauti ilikuwa imewekwa au haikuwekwa. Fungua ile apu ya mafaili kwenye simu, ingia Android, kisha media, kisha com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Voice Notes. Utakuta mafolda mengi yana namba tu, usiogope, kila folda ni wiki moja ya mwaka. Ndani yake kuna majina kama PTT-20240312-WA0007.opus. Lisome hivi, 2024 ni mwaka, 03 mwezi wa tatu, 12 tarehe, na hiyo 0007 ni nambari ya faili kwa siku ile. Jina la mama halimo, itabidi usikilize moja moja, lakini tarehe zitakusaidia, wewe unajua siku zipi mama alikuwa akikutumia sana.

Ukizikuta, usizisikilize zote kwanza, zinakili. Chukua folda lote la WhatsApp, pamoja na lile la Databases lilo ndani yake, uliweke kwenye kompyuta au kwenye memori kadi. Lote. Hata kama hujui lina nini.

Zisipokuwepo ndio tunaingia Databases. Humo mna msgstore.db.crypt14, kwa wengine mwisho ni 15, ndio nakala ya mwisho, na pembeni yake zimo nyengine zina tarehe, za mpaka siku saba za nyuma. Wewe mtoto kafuta jana, kwa hiyo unataka ya juzi au ya alfajiri ya jana. Ukishanakili kila kitu pembeni, hapo ndio unaifuta WhatsApp, unaipakua upya bila kuifungua, ile ya sasa unaibadilisha jina, halafu ya tarehe unayoitaka unaipa jina la msgstore.db.crypt14, ile namba ya mwisho usiiguse iache kama ilivyokuwa. Kisha fungua, weka namba yako, ikikuuliza kurejesha ukubali, na uangalie tarehe inayokuonesha ni ile ulotaka na si ya Google ya leo. Meseji zilokuja baada ya nakala ile hutozikuta, kwa hiyo kama kuna kitu muhimu cha jana kipige skrinshoti mwanzo. Hapa kama mkono unatetemeka mwite mtu akukalie, hata huyo fundi, lakini umsimamie.

Angalia pia tarehe ya nakala ya Google kwenye setingi kabla ya yote. Tangu 2024 nakala za WhatsApp zinahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, na watu wengi zimejaa kwa picha za harusi, nakala ikasita miezi nyuma bila mtu kujua. Siku nyengine huo ni msiba, kwako wewe leo inaweza kuwa rehema, maana nakala ilosita zamani mama yumo.

Na simu ya mama mwenyewe iko wapi? Nauliza kwa sababu watu wanasahau kabisa kuwa kila voisi uloipokea wewe kuna mtu aliituma, na simu yake nayo inayo. Kama ipo kabatini, ichajini, msiitie laini nyengine, msiirejeshe kama ilotoka dukani, msimpe mtoto wa skuli. WhatsApp wanafuta akaunti isotumika siku 120, lakini vilivyomo ndani ya simu vinabaki mpaka mtu aifute apu yenyewe. Nakilini folda lile lile. Na waulizeni ndugu, mama alikuwa akituma voisi kwenye grupu la familia? Basi ziko kwa kila alokuwemo.

Ijumaa aliniandikia tena. Kwenye simu yake mafaili ya miezi ya mwisho yalikuwa yameondoka, lakini ya nyuma yalikuwepo, na simu ya mama ilikuwa kwa kaka yake Chake imezimika chaji tu. Wamepata voisi 61, wamezitia kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili, moja kakaa nayo yeye. Ya sukari imo.

SWALI: Mimi kijana wa Mwanakwerekwe. Nilituma kwenye grupu la shughuli ya harusi maneno nilokuwa nataka kumwambia rafiki yangu, kuhusu mchango wa mjomba. Kwa haraka nikafuta kwangu badala ya kufuta kwa wote. Mimi siioni, wao wanaiona. Nafanyaje?

JIBU: Ukibonyeza kufuta kwangu inatokea chini sehemu ya kutengua, lakini ina sekunde tano tu, ikishapita hiyo meseji kwako haipo tena na huwezi kuifuta kwa wengine. Mpigie admini wa grupu, tena mpigie usimwandikie, yeye ana uwezo wa kufuta meseji ya mtu yeyote kwenye grupu, kitu kilichokuja 2022. Mwaka ule ule ndio muda wa kufuta kwa wote ulipoongezwa ukawa siku mbili na saa 12, zamani ulikuwa saa moja na dakika chache. Ila mdogo wangu ujue kuna watu wameshaisoma, na mwenye Android kuanzia 11 akiwa amewasha historia ya notifikesheni anaweza kuyaona maneno mpaka saa 24 hata ukifuta. Kwa hiyo kamuombe radhi mjomba leo kabla hajafikishiwa na mwengine.

SWALI: Nauza mwani, nipo Micheweni. Mnunuzi aliniandikia bei ya kilo tukakubaliana, mzigo umeondoka, sasa kafuta meseji zake zote anasema bei ilikuwa chini. Naambiwa nitie GB WhatsApp nitaona alivyofuta. Kweli?

JIBU: Usitie. GB si ya WhatsApp wenyewe, ni apu ilotengenezwa na watu wengine, akaunti yako inaweza kufungiwa na hujui nani anasoma mambo yako, na yaliyokwisha kufutwa kabla hujaitia haikurudishii. Angalia historia ya notifikesheni kwanza, kama uliiwasha na saa 24 hazijapita. Halafu angalia nakala ya jana usiku kama nilivyomueleza dada wa Wete, kama bei mlikubaliana juzi na kafuta leo basi nakala ile inayo. Hata meseji zako wewe za kumjibu zina kazi, ukiwa umeandika sawa kwa bei hiyo tumekubaliana, hiyo hawezi kuifuta yeye. Na pesa za malipo ya mwanzo kama zilipita kwa simu kampuni ya simu ina rekodi, nenda na kitambulisho uombe taarifa ya miamala. Mzigo unaofuata piga skrinshoti ya bei kabla gunia halijapanda gari.